Gego Linauma, Lakini Jino ni Zima

Wapo wanaokuja kliniki yetu ya meno hapa Kigoma wakitaka gego ling'olewe, na tukilipima jino tunakuta halina kasoro. Halijatoboka, fizi ni nzima, picha ya eksirei ni safi. Hapo tunahamia shavuni. Tukibonyeza pembe ya taya, mgonjwa anaruka: "Hapohapo, daktari!"

Taya la chini huendeshwa na misuli mikuu minne kila upande. Weka kiganja shavuni, kaza meno: unaotuna ni masseta, unaoanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi pembe ya taya. Panjani upo temporali. Miwili iliyobaki, terigoidi ya ndani na ya nje, imejificha nyuma ya taya. Mitatu kazi yake kubwa ni kufunga kinywa. Terigoidi ya nje husaidia kukifungua na kulisogeza taya mbele na pembeni.

Msuli uliochoshwa unaweza kuwa na vinundu vinavyouma vikibonyezwa. Janet Travell, daktari wa Marekani aliyewahi kumtibu Rais Kennedy, alivichora pamoja na mwenzake David Simons katika kitabu cha mwaka 1983. Wataalamu bado wanabishana juu ya kilichomo ndani ya vinundu hivyo. Kinachotuhusu sisi ni kwamba maumivu yake husafiri: ya masseta huenda kwenye magego na sikioni, ya temporali kwenye meno ya juu. Misuli hii na meno hutumia neva moja, ya tano ya fuvu, kwa hiyo ubongo hukosea anwani.

Chanzo mara nyingi ni kusaga meno usingizini, kukaza meno mchana bila kujijua, au kutafunia upande mmoja. Miwa na bigijii huongeza mzigo.

Midomo ikifungwa, meno yasigusane. Wengi hushangaa tukiwaambia hili. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kula vyakula laini siku chache, piga mwayo kwa kiasi. Kinywa kisipopokea vidole vitatu vilivyosimamishwa, njoo tukupime. Usikubali kung'olewa jino ambalo halijapimwa.

Taya likiuma pamoja na kubanwa kifua na jasho jembamba, huenda ni moyo: wahi hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo taya likikakamaa baada ya kidonda, maana pepopunda huanza hivyo.