Kufundisha kwa video kinga ya saratani ya kinywa: maana yake kwa mwanafunzi wa uuguzi

Kufundisha kinga ya saratani ya kinywa kwa video ni kumwonyesha mwanafunzi wa uuguzi jinsi kinywa kinavyokaguliwa, dalili za kutilia shaka zinavyoonekana na namna ya kuzungumza na mgonjwa, kisha kumsimamia afanye mwenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ni lazima. Darasa likitazama tu na kutawanyika, somo halijafundishwa.

Kinga yenyewe ina pande mbili. Kwanza ni kuepuka vinavyoleta ugonjwa: tumbaku ya kila aina, pombe, na popoo inayotafunwa kwenye tambuu. Mtu anayetumia tumbaku na pombe kwa pamoja yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayetumia kimojawapo. Kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania hayo si mambo ya mbali. Chunya wanalima tumbaku, Iringa na Njombe wana ulanzi (pombe ya mianzi), vilabuni kuna komoni (pombe ya nafaka), na wapo wazee, wanawake kwa wanaume, wanaotumia ugoro. Wenye ualbino wana hatari nyingine, ya jua kuunguza mdomo wa chini. Hao wanahitaji kofia pana na mafuta ya kukinga jua, mdomoni pia.

Upande wa pili ni kugundua mapema: kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona, baka jeupe lisilofutika, baka jekundu (hili ni la kuogopwa zaidi ya jeupe), uvimbe, ganzi ya ulimi, tezi ngumu shingoni. Mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana watu huchelewa. Na mgonjwa wa wilaya ya Makete au Ileje hukutana na muuguzi wa zahanati muda mrefu kabla ya kumwona daktari wa meno.

Video inafaa hapa kwa sababu kinywa ni kidogo na kina giza ndani. Mwalimu akimkagua mtu mbele ya darasa, wanaoona ni wawili waliosimama karibu. Kamera inaingia wote waone: mkono wenye glovu unashika ncha ya ulimi kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), unauvuta taratibu upande mmoja, tochi inamulika ubavu wa nyuma kabisa, kisha upande wa pili. Halafu mgonjwa anainua ulimi, sakafu ya kinywa inaonekana. Ubavu wa ulimi na sakafu hiyo ndipo saratani hujificha sana, na ndipo anayekagua haraka haraka hapafiki. Mwalimu asimamishe video hapo, aulize wanachokiona, airudishe. Ikihifadhiwa kwenye simu, mwanafunzi anaitazama tena bwenini hata intaneti isipokuwepo.

Lakini kuna jambo la kuangalia kabla ya kuchagua video. Nyingi zimepigwa nje ya nchi, vinywa vyote ni vya rangi ya waridi. Wengi wetu tuna weusi wa asili kwenye ufizi na ndani ya mashavu, na mwanafunzi asiyeoneshwa hilo atakiita kitu cha kawaida ugonjwa, au atazoea weusi kiasi cha kulipita baka jipya. Chuo chenye simu nzuri na mtu aliyeridhia kupigwa picha kinaweza kutengeneza yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bora.

Video nzuri hufundisha pia kuuliza. Muuguzi anaanza na shikamoo, anaitikiwa marahaba, anakaa. “Bibi, ugoro unatumia? Unavuta puani au unaweka mdomoni? Unauweka upande gani?” Bibi akionesha kwa kidole, hapo hapo ndipo pa kukagua kwanza, kwa kuwa baka mara nyingi hutokea pale ugoro unapokaa. Akikaripiwa, ziara ijayo ataficha.

Kupapasa shingo na kuhisi ugumu chini ya ulimi havifundishwi na kioo cha simu. Baada ya video wanafunzi wakaguane wawili wawili, mwalimu akipita. Wajue pia pa kumpeleka mwenye dalili: kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya au mkoa, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Jibu la uhakika hutokana na kipande kidogo cha nyama kinachokatwa penye dalili na kupimwa maabara, kwa hiyo muuguzi hamtangazii mgonjwa saratani. Anamwandikia rufaa na kumfuatilia kama alifika.