Usisahau nyuma ya tundu: kuchagua kauntasinki na kisu cha makali

Kazi nyingi zinazoletwa karakanani kwangu hapa Kigoma zimetobolewa vizuri kwa mbele. Zigeuze. Pale biti ya drili ilipotokea kumebaki ukingo uliochongoka, wa kumchana mtu kidole; huo ndio ninaouita makali. Biti ikikaribia kutoka, chuma kilichobaki ni chembamba mno, kwa hiyo kinasukumwa nje badala ya kukatwa. Biti butu na mkono mzito huzidisha hali hiyo. Ubao mgumu ukiwekwa nyuma hupunguza makali, ila hauyamalizi.

Kwenye mashine ya kukamua mawese, nyuzi za chikichi hunasa kwenye makali hayo na matundu huziba. Kwenye boti, rangi mbichi hukimbia ukingo mkali na kubaki nyembamba, na kutu huanzia hapo hapo. Mabamba mawili yanayofungwa pamoja nayo hayalaliani sawasawa kama makali yamebaki katikati. Nikiitazama meli ya Liemba, iliyoungwa kwa ribiti hapa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915, huwa nawaza jinsi matundu yale yote yalivyohitaji kusafishwa.

Ukienda kununua kauntasinki, yaani kifaa cha kuondoa makali na kupanua mdomo wa tundu uwe kama koni ili kichwa cha skrubu kizame, uliza pembe kwanza. Skrubu bapa za milimita, zile ambazo kichwa huzama ndani ya mdomo huo, zina kichwa cha digrii 90. Zile za inchi za Kimarekani zina 82. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini kichwa cha 90 kwenye mdomo wa 82 huegemea ukingo wa juu tu. Wengi hutumia biti kubwa, ambayo kwa kawaida imenolewa digrii 118. Mdomo unafunguka, ni kweli, ila kichwa cha skrubu kinakalia shingo ya tundu na pembeni panabaki nafasi ya maji kutuama. Tena biti ya namna hiyo ikiingia kwenye tundu lililokwisha kutobolewa hujivuta yenyewe, na bati jembamba linaweza kuzunguka nayo. Hiyo ni hatari.

Sasa meno. Kauntasinki ya meno matatu ni nzuri ukiwa na drili ya kusimama na kazi imebanwa kwenye jiliwa. Kwa drili ya mkono hutetemeka, na mdomo unatoka na pembepembe badala ya duara. Ndiyo maana mwenye drili ya mkono peke yake namshauri anunue ile isiyo na meno: koni laini iliyotobolewa tundu moja la mshazari. Ukingo wa tundu hilo ndio unaokata, na sehemu nyingine ya koni huegemea kazi na kuituliza. Huuzwa kwa ukubwa wa tundu itakaloingia. Ya milimita 5 hadi 10 inatosha kwa skrubu za M5 na M6, yaani zenye unene wa milimita 5 na 6, na ndiyo ningeanza nayo.

Kasi ndiyo inayoua vifaa hivi. Tundu la milimita 6 kwenye chuma laini hutobolewa kwa mizunguko kama 1,300 kwa dakika. Mdomo wa milimita 12, unaotosha kichwa cha M6, unataka 200 hadi 300 tu. Kikipiga kelele, punguza kasi na ukandamize zaidi. Tia mafuta. Mawese yanafaa kabisa, mradi uyafute baadaye kwa sababu hugandamana.

Unene nao upime. Kichwa cha M6 kina kina cha zaidi ya milimita 3, basi kwenye bati la milimita 1.5 koni itatokea upande wa pili na kuacha ukingo kama wembe. Mimi sivuki theluthi mbili za unene. Zaidi ya hapo natumia skrubu ya kichwa cha mviringo.

Ndani ya bomba au nyuma ya fremu, ambako drili haifiki, hakuna kinachoshinda kisu cha makali, yaani kisu cha mkono chenye ulimi uliopinda unaojizungusha kwenye mpini. Unaupitisha ukingoni mara moja au mbili na makali yanatoka kama uzi. Nunua ndimi za akiba za aina mbili: moja ya chuma laini na alumini, nyingine ya chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, kwa kuwa ulimi wa kwanza hushika vibaya kwenye kalibu.

Kujua kama umemaliza, vuta kipande cha pamba juu ya tundu, mbele na nyuma. Kikiacha hata unyuzi mmoja, rudia.