Kuitwa mkutanoni siyo kushirikishwa

Juzi tena nimesikia redioni eti wananchi "wameshirikishwa kikamilifu" kulinda mpingo, nikaongeza sauti nisikilize, kumbe waliitwa chini ya mwembe wakasaini daftari la mahudhurio wakapewa fulana na soda, wakaambiwa msikate miti, wakarudi makwao. Hiyo jamani ni kuhamasisha, kazi nzuri tu, ila ina jina lake.

Haraka haraka: usimamizi shirikishi wa misitu ni pale watu wanaoishi na msitu wanapokuwa na kauli juu ya msitu huo na wanapata kitu kutoka humo, kwa sheria, siyo kwa hisani ya mtu. Kwa Tanzania upo kwenye Sheria ya Misitu ya 2002. Basi.

Sasa neno lenyewe. Shiriki limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na shirika, ushirika, mshirika, hadi ushirikina, na huyu wa mwisho ndo anayeonyesha uzito wa ukoo mzima, maana shirki ni kumwekea Mungu mbia, kudai kuna mwingine mwenye fungu kwenye uungu wake. Ingekuwa kushiriki ni kuhudhuria tu dhambi yenyewe isingekuwa kubwa vile! Kwa hiyo kiini ni fungu. Mashua ikiwa ya shirika, samaki wakipatikana mnagawana, ikitoboka mnaziba wote, lakini aliyekuja ufukweni kuangalia ikishushwa majini huyo ni mtazamaji hata kama alipiga makofi. Nadhani tumeharibikiwa pale tulipoongeza -isha. Aliyekuwa anashiriki mwenyewe sasa anashirikishwa, kama mtoto anavyolishwa uji, na mwenye kijiko ni mtu wa mradi.

Kingine kinachonikera zaidi ni kwamba shirikishi ziko mbili na watu wanazitaja kama moja. Kuna usimamizi wa pamoja, hapo msitu ni wa serikali, kijiji kinaingia nayo makubaliano, kinasaidia doria na kupata kile kilichoandikwa, mwenye msitu habadiliki. Halafu kuna usimamizi wa jamii, hapo msitu uko ardhi ya kijiji, mkutano mkuu unaupitisha kuwa hifadhi ya kijiji, kamati ya maliasili inausimamia na hela ya magogo inaingia kijijini. Ukiyachanganya haya unamwambia mtu anayelinda mali ya mwingine kwamba ni yake, na siku ya mgao ndo anagundua.

Mpingo ndo mfano mzuri, maana unachukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa. Nani atalinda mti ambao labda mjukuu wake ndo atauvuna, kwa ajili ya fulana? Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, na 2009 ikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, yaani hata mtengeneza klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza inayochongwa kwa mpingo, huko Ulaya anaweza kujua mpingo wake umetoka kwenye msitu unaotunzwa. Gogo likishaangushwa linapimwa na kugongwa nyundo ya alama, mnunuzi analipa, kijiji kinakaa kuamua hela iende wapi. Na Babati, miombo ya Duru-Haitemba, miaka ya 90 serikali ilitaka kuifanya hifadhi yake, wanakijiji wakagoma, mwisho wakaachiwa waitunze wenyewe na wakaweka walinzi wao. Hao hawakushirikishwa na mtu, walidai fungu lao.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, ukiletewa tena taarifa kama ile, muulize aliyeileta msitu ni wa nani na hela ya gogo inaingia akaunti gani. Akianza kujiumauma we andika tu "wamehamasishwa", au "wameelimishwa", Kiswahili kinaruhusu na hakuna atakayekununia.