Je, wajua kwa nini mwili uliojaa akiba ya mafuta bado hudai chakula?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Mwenye ziada ya kilo 15, basi, amebeba zaidi ya kilokalori 115,000, chakula cha mwezi mzima na ushei kwa mtu mzima. Mbona saa saba mchana njaa inamuuma sawasawa na mtu asiye na akiba yoyote? Mtaani ataambiwa ni mroho. Jibu hilo si sahihi, na limewaumiza wengi bure. Tumbo hupeleka taarifa tu. Uamuzi wa kula au kuacha hutolewa kwenye ubongo, na huko chakula chenyewe kinaweza kuvuruga seli zinazoamua.

Sehemu inayohusika ni haipothalamasi, kipande cha gramu 4 hivi kilicho chini ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari. Humo yamekaa jirani makundi mawili ya nyuroni, yaani seli za neva zinazopelekeana ujumbe, yanayovutana. Nyuroni za AgRP huleta njaa: zikiamshwa kwa panya aliyeshiba, ndani ya dakika chache anarudi kula, zikiuawa kwa panya aliyekwisha kukomaa, anaacha kula hadi anakonda vibaya. Nyuroni za POMC huleta shibe.

Makundi haya hupokea habari za akiba kupitia homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Seli za mafuta ndizo huitoa, na mafuta yakiongezeka nayo huongezeka. Mwaka 1997 madaktari nchini Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Mmoja alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu ya kula ilishuka na uzito ukafuata. Wengi wakatarajia dawa ya unene imepatikana. Lakini watu wengi wanene wana leptini tele kwenye damu. Inabisha hodi, mlango haufunguliwi.

Nani amefunga mlango? Hapo ndipo zinapoingia maikroglia, seli za kinga za ubongo, zilizoelezwa mwaka 1919 na Mhispania Pío del Río Hortega. Ni kama seli moja katika kila kumi za ubongo. Hazizaliwi pamoja na nyuroni. Asili yake ni mfuko wa kiini (yolk sac) ulioshikamana na kiinitete, na huhamia kwenye ubongo mapema sana mimba ikiwa changa. Siku zote hunyoosha na kukunja matawi yao membamba, zikipapasa jirani zao, zikila mabaki ya seli zilizokufa. Zikichokozwa, matawi hufupika, kiwiliwili hunenepa, na hutoa kemikali za mchochota kama TNF-alfa. Mchochota ndio ule unaofanya kidonda kiwe chekundu, cha moto na kivimbe. Ndani ya ubongo hauonekani wala hauumi.

Mwaka 2005 watafiti wa Campinas, Brazili, walionyesha kwamba lishe yenye mafuta mengi huwasha mchochota kwenye haipothalamasi ya panya. Mwaka 2012 wenzao wa Seattle, Marekani, walipima muda, na hapa ndipo penye uzito. Dalili zilionekana ndani ya siku 1 hadi 3, kabla panya hawajanenepa. Ndani ya wiki ya kwanza maikroglia zilikuwa zimejikusanya. Kisha hali ilitulia kwa muda, kana kwamba ubongo umejitetea, halafu ikarudi na kubaki. Kwa panya wa aina ndogo waliolishwa hivyo miezi 8, robo ya nyuroni za POMC ilikuwa imepotea. Picha za MRI za watu wanene nazo zilionyesha alama za kovu mahali hapohapo.

Kichokozi kimojawapo ni asidi ya palmitiki, aina ya mafuta yaliyoshiba. Karibu na nyuroni hizi kuta za mishipa ya damu hazibani sana kama kwingineko katika ubongo, kwa hiyo asidi hiyo hupenya. Maikroglia huiitikia karibu kama zinavyoitikia bakteria. Mchochota ukifika kwenye nyuroni, huongeza protini ya SOCS3, nayo hukata ujumbe wa leptini ndani ya seli. Leptini ipo, kipokezi kipo, ujumbe haupiti.

Je, mchochota ni chanzo au ni matokeo tu? Kundi la San Francisco lilijaribu pande zote mbili mwaka 2017. Panya walioondolewa maikroglia kwa dawa walikula kidogo na kuongezeka uzito kidogo, ingawa lishe ilikuwa ya mafuta. Wengine waliondolewa protini ya A20, breki ya mchochota ndani ya maikroglia, nao walinenepa kwa chakula cha kawaida. Kwa panya, basi, seli hizi zinaweza kuanzisha unene.

Tusikimbilie jikoni na hitimisho hilo. Mafuta ya mawese yana takriban asilimia 44 ya asidi ya palmitiki, na ya alizeti kati ya 5 na 7, lakini panya wengi wa majaribio haya hulishwa asilimia 60 ya nishati kutokana na mafuta, tena kila siku. Sahani ya chipsi ya Ijumaa haifanani na hilo. Wala kuzima maikroglia si tiba: utafiti wa mwaka 2023 kwa panya ulionyesha kwamba mchochota huohuo unaoongeza uzito husaidia kudhibiti sukari kwenye damu.

Anayejinyima chakula naye hukutana na nyuroni hizi. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, AgRP huamka, na njaa huzidi ile ya mwanzo. Ndiyo maana kilo zilizopungua hurudi kwa urahisi. Dawa mpya kama semaglutide hupunguza uzito kwa sehemu kubwa kwa kufanya kazi kwenye ubongo. Tena panya waliokula lishe ya mafuta wiki 16, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida kwa wiki 4, alama za kovu kwenye haipothalamasi yao zilipungua hadi kufanana na za panya ambao hawakuwahi kuila.