Kiindonesia si Kijava

"Wajava ndio wengi Indonesia, kwa hiyo Kiindonesia ni Kijava." Kosa hili limerudiwa mno. Lugha hizi ni za ukoo mmoja, lakini kujua moja hakukupi nyingine.

Jiografia kwa ufupi: visiwa zaidi ya 17,000, kilomita zaidi ya 5,000 kutoka Sumatra hadi Papua, kanda tatu za saa. Kisiwa cha Java hakifiki asilimia 8 ya nchi kavu, ila kimebeba zaidi ya nusu ya watu, maana majivu ya volkano yamerutubisha mashamba yake ya mpunga. Na hata Java si ya Wajava peke yao: magharibi wako Wasunda, wenye lugha yao.

Kiindonesia kimetokana na Kimalay, lugha ya bandari na soko. Kijava kina ngazi za heshima zinazobadilisha maneno yenyewe. "Kula" ni mangan kwa rafiki, nedha kwa lugha ya adabu, dhahar kwa kitendo cha mkubwa. Ukijisemea mwenyewe dhahar, umejikweza. Mgeni hawezi kununua hata ndizi bila kupima kwanza nani mkubwa, nani mdogo.

Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana waliokutana Batavia, ambayo leo ni Jakarta, waliapa: nchi moja, taifa moja, na tatu, menjunjung bahasa persatuan, yaani kuienzi lugha ya umoja, Kiindonesia. Someni tena hiyo ya tatu. Hawakusema "lugha moja", ingawa ndivyo inavyonukuliwa kila mahali! Lugha za nyumbani, ambazo leo hutajwa kuwa zaidi ya 700, hazikufukuzwa. (Idadi hiyo nayo hupanda na kushuka, kwa kuwa lahaja ya mmoja ni lugha ya mwingine.) Mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ila pale waliokaa mezani walikuwa watu wa serikali za kikoloni na wamisionari.

Husemwa kwamba Wajava waliiweka kando lugha yao kwa ajili ya umoja. Sishawishiki sana. Kimalay kilikuwa tayari kwenye magazeti na ofisi za Waholanzi, watawala wa wakati huo. Vijana walichukua chombo kilichokwisha kuelea.

Msomaji wa Kiswahili atakuta maneno anayoyafahamu katika Kiindonesia: dunia, kabar, waktu, sabun, kertas. Apa kabar? ni "habari gani?" Huo si undugu, sote tumekopa kwa Waarabu. Ndugu wa damu wa Kiindonesia ni Kimalagasi cha Madagaska, ambacho jamaa zake wa karibu wako kusini mwa Borneo.

Ukifika, usimwite mtu mzima kamu, yaani "wewe". Anda nayo, "wewe" nyingine, ijapokuwa ya adabu, ina ubaridi wa tangazo la biashara. Sema Pak kwa mwanamume, Bu kwa mwanamke, hata mahali ambapo ungesema "wewe": "Pak anatoka wapi?" Na ukivuka kwenda Malaysia, jihadhari na budak. Huko ni mtoto. Indonesia ni mtumwa.