Je, wajua kwa nini malenga wa Mombasa hupenda kufumba?

Kwenye maduka ya leso ya Barabara ya Biashara, Mombasa, wateja wengi husoma jina la leso kabla ya kuuliza bei. Jirani aliyejitanda leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" hajamtaja mtu. Ukimwendea kwa hasira atakwambia kapenda rangi tu. Na wewe uliyekasirika, umeshajitaja mwenyewe.

Fumbo hufanya kazi vivyo hivyo. Halikwambii uongo, bali hukuelekeza macho kwingine kwanza.

Mjini Mvita, yaani Mombasa, ufundi huu ni wa zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa enzi za Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, husifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Wakati huo Wamazrui walikuwa wakivutana na Seyyid Said, Sultani wa Omani, hadi mji ukaangukia mikononi mwake mwaka 1837. Neno likitungwa Mombasa lilijibiwa kwingine pwani, na asiyejua siasa za wakati ule alisikia vina vitamu tu.

Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya siasa, "Kenya: Twendapi?", akisema wazi bila kuzunguka. Alifungwa miaka mitatu. Humo gerezani akatunga mashairi, na katika mojawapo serikali haionekani kabisa: kuna mamba tu mtoni.

Sasa mtazame vizuri huyo mamba. Anajivuna. Anajiona ataishi milele. Mamba halisi ana njaa, ana meno, ana subira ya kuota jua mchana kutwa, ila kiburi cha kudhani kifo hakimhusu ni cha binadamu. Malenga kaacha ufunguo mlangoni makusudi. Kwangu mimi hapa ndipo fumbo linapoachana na udanganyifu: tapeli huufukia ufunguo.

Shairi jingine la gerezani lina ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi mmoja. Kila mmoja ana hoja zake, nawe msomaji, kabla hujajua, umeshakata kesi moyoni: huyu ana haki, yule mchoyo. Ndipo unapoanza kushuku kwamba mnazi ule ni nchi. Hukumu umeshaitoa, na huwezi kudai kuwa malenga ndiye aliyekulisha maneno. Angekuanzia na siasa, pengine ungeanza kutetea kabila au chama chako. (Mnazi hauna chama, ingawa Pwani ugomvi wa minazi hautaniwi.)

Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Mwaka uliofuata yakashinda tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, na ambaye bado alikuwa madarakani.