Huzuni kwenye Picha za Matuta ya Mchanga: Kazi Iko Kivulini

Wengi wanaotaka kuweka majonzi kwenye picha ya matuta ya mchanga huanza kwa kubana mwanga kwenye kamera. Picha inatoka nyeusi, lakini haimgusi mtu. Jicho likifika kwenye weusi mtupu halina la kutazama, linaondoka. Kinachobeba huzuni ni kivuli ambacho bado unaona kitu ndani yake: viwimbi vya mchanga, unyayo uliofifia, mteremko usiojua unaishia wapi. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston alipiga picha matuta ya Oceano, California, mwaka 1936, na humo mchanga na mwanga vinatosha.

Anza na jua. Likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kivuli ni karibu mara 6 ya kimo cha kitu. Likishuka hadi nyuzi 5, kinafika mara 11. Kiwimbi cha sentimita 1 kinatupa kivuli cha sentimita 11, na mchanga uliokuwa bapa mchana unakunjamana wote. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo nyuzi hizo 10 za mwisho huisha kwa dakika 40 tu. Stendi ya kamera iwe imeshasimama.

Tafuta upande wa tuta usiopigwa na upepo. Mchanga mkavu ukizidi mwinamo wa nyuzi 34 hivi huporomoka, kwa hiyo upande huo hukaa kwenye mwinamo uleule, laini, bila viwimbi vingi. Jua likishuka chini ya kiwango hicho nyuma ya tuta, uso wote unaingia kivulini kwa pamoja na ukingo unabaki mstari mmoja. Usiukanyage kabla ya kupiga. Nyayo zako zitaporomosha mchanga hadi chini.

Sasa mwanga, ambapo picha nyingi huharibika. Piga kwa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 au f/11. Pima mwanga kwa doa, yaani sehemu ndogo tu ya picha, kwenye mchanga unaopigwa na jua, kisha ongeza stopu 1 hadi 1.5 (kila stopu moja ni mwanga mara mbili). Tazama histogramu ya rangi, ile grafu ya kamera inayoonyesha kiasi cha mwanga katika kila rangi, hasa nyekundu: mchanga wa rangi ya machungwa chini ya jua la jioni hujaza nyekundu kwanza, ilhali histogramu ya jumla bado inaonekana salama. Kwenye skrini picha itaonekana ya furaha kupita kiasi. Iache hivyo. Giza litengenezwe mezani, wakati wa kuhariri, kwa sababu ukilitengeneza kwenye kamera vivuli hujaa chengachenga, na ukijaribu kuviinua baadaye vinatoka na madoa ya rangi.

Wakati wa kuhariri, rudisha chini stopu zile ulizoongeza, halafu shusha toni za kati (zisizo nyeusi wala nyeupe) peke yake. Kwenye kipimo cha 0 (weusi mtupu) hadi 255 (weupe mtupu), weusi mzito kabisa naupendelea kati ya 8 na 12, na viwimbi vilivyo kivulini kati ya 25 na 45. Ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, usikimbilie kuzamisha rangi ya buluu ili anga liwe jeusi. Anga jeusi juu ya mchanga mweupe linasema hasira. Tena, buluu ikivutwa sana ukingo wa tuta unaota utepe mweupe. Kwa msiba, afadhali anga na mchanga vikaribiane hadi upeo wa macho uwe mgumu kuuona.

Kama unataka picha izungumzie kupotea kwa mtu moja kwa moja, piga mfululizo wa unyayo mmoja unaofukiwa. Mchanga huanza kusafiri upepo ukifika takriban kilomita 20 kwa saa. Fanya kazi hii asubuhi: jua linapanda na kivuli kinafupika, upepo nao kwa kawaida unaongezeka kadiri ardhi inavyopata joto, hivyo umbo na kivuli chake vinafutika pamoja. Jioni kivuli kingerefuka huku unyayo ukijaa, na picha zingepingana. Anza jua likiwa nyuzi 10, piga kila baada ya dakika 10, na usibadilishe mipangilio ya mwanga ya kamera wala fokasi. Zichague baadaye ziwe 5 au 6.

Kinachoharibu mfululizo ni stendi kuzama. Tanua miguu, isukume hadi ikutane na mchanga mgumu, au weka bapa pana chini ya kila mguu. Usitundike begi katikati. Upepo utalibembeza na stendi itatikisika. Mchanga mwingi huruka chini ya magoti, kwa hiyo usishushe kamera chini ya hapo bila kuifunika kwa mfuko, wala usibadilishe lenzi. Chembe zikitua kwenye kioo, zipulize kwa pampu ya mpira. Kitambaa kitazikokota na kukwaruza.

Karatasi isiyong'aa inafaa hali hii, ila weusi wake ni hafifu na humeza tofauti ndogo. Chapa kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 15, kishike kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Usipoviona viwimbi vya kivulini kwa umbali wa mkono, inua toni za chini kwa nusu stopu kabla ya kuchapa kubwa.